Cha Mtema Kuni Kilivyofika Ofisini

Jina la Mama Mabano alilipata kwa magoti. Miaka kumi na moja kabla ya mambo haya, mashine kuu ya kampuni yao ilikata kamba asubuhi ya Jumatatu, na vijana wote waliosoma sana wakakaa siku mbili wakiitazama skrini kama ndugu wa mgonjwa. Yeye akachapisha programu nzima kwenye karatasi, akazipanga karatasi sakafuni kuanzia mlango wa choo hadi mlango wa jiko, akapiga magoti na penseli nyekundu mkononi, akaanza kuhesabu mabano. Kila bano lililofunguliwa alilitafutia mwenzake wa kulifunga. Siku ya tatu, hatua mbili kabla ya jiko, alikuta moja limebaki mjane. Akaliandikia mwenzake, mashine ikaamka, na jina lake la kuzaliwa likabaki la kuandikiwa barua tu.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na nane, mfupi, mwenye miwani mbili: moja ya kusomea na nyingine ya kutafutia ile ya kusomea. Alianza maisha kama mpiga chapa. Kompyuta zilipokuja kuzifukuza taipureta, wenzake waliondoka na taipureta zao; yeye alikataa kuondoka, akajifundisha kuandika programu kwa kunakili za wengine na kuuliza kwa nini. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache, aliyezoea kumsikiliza mkewe huku jicho moja limezibwa na lenzi.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Chumbani walikuwa watatu. Wa kwanza ni yeye. Wa pili ni kijana mrefu aliyeitwa Giza, kwa sababu skrini yake ilikuwa nyeusi, maandishi yake ya kijivu, na dirisha la upande wake alikuwa ameliziba kwa maboksi. Wa tatu ni Bi Nafasi, ambaye kila alipotaka kuusogeza mstari wa programu ndani kidogo, aligonga kitufe cha nafasi mara nne, tok tok tok tok, ilhali Giza aliusogeza kwa kitufe kimoja tu na kuendelea na safari. Kwa jambo hilo hawajaelewana kwa miaka sita.

"Hiyo kibodi yako itakufa kifo kibaya," Giza alikuwa akisema.

"Na wewe utakufa hujaliona jua."

"Jua linaonyesha makosa."

"Yako yanaonekana hata gizani, baba."

Hapo Mama Mabano huingilia kati na kusema kwamba kompyuta yenyewe haijali, na wote wawili humgeukia yeye kwa hasira mpya, wakapatana kwa muda. Ndivyo siku zilivyopita. Waliyoshindwa kuambiana kwa mdomo waliandikiana kwenye kundi lao la soga, liitwalo Barazani, ambako watu wa matawi yote walipiga domo kuhusu programu gani inafaa kuandikia, kiti gani kinaua mgongo, na nani ameacha kikombe kichafu kwenye sinki. Kazi ilifanyika humo humo, katikati ya porojo, na hakuna aliyejua hasa ilifanyika saa ngapi.

Kisha akaja Katibu.

Katibu hakuwa mtu. Ilikuwa programu iliyonunuliwa na makao makuu, na Meneja wao, bwana mpole aliyependa chati zenye rangi ya kijani, ndiye aliyeileta chumbani Jumatatu moja saa tatu asubuhi. Aliweka kipaza sauti kidogo katikati ya meza, kama mtu anayetua yai.

"Kuanzia leo hamtapoteza muda kuandika orodha za kazi," alisema. "Ninyi zungumzeni kama kawaida. Katibu anasoma Barazani, na hapa anasikiliza. Akiona kuna jambo la kufanywa anaandika kazi, anampa mhusika, anaweka tarehe ya mwisho."

"Na akikosea?" Mama Mabano aliuliza.

"Hakosei. Anajifunza. Ila jamani, mtu asije akamzima, nimeahidi makao makuu." Kisha akasugua viganja. "Haya, tukaze buti!"

Skrini zote zikalia ting. Kazi namba moja: Kutomzima Katibu. Mhusika: Meneja. Tarehe ya mwisho: haina. Kazi namba mbili: Kukaza buti. Wahusika: wote. Idadi ya buti: haijatajwa. Ushahidi: picha.

Walicheka mpaka wauza magodoro wakagonga dari kwa ufagio. Halafu Giza akajaribu kuifuta ile kazi ya pili, na haikufutika.

Hapa lazima isemwe kwamba ulikuwepo mstari mmoja katika programu ya kazi ya kampuni, ambamo Katibu naye aliandika, uliozuia kufuta, na mstari huo aliuandika Mama Mabano kwa mikono yake. Miaka saba nyuma watu walikuwa na tabia ya kufuta kazi zilizowashinda Ijumaa jioni, na Jumatatu kuja na nyuso safi kama hawajawahi kuagizwa kitu. Mama Mabano alisimama katika mkutano mkubwa, akabishana saa nzima na wakubwa watatu, akawashinda wote. Kazi haifutwi. Inafungwa, tena kwa ushahidi. Alikuwa ameandika mambo mengi maishani, lakini mstari huo ndio aliousimulia kwa shemeji zake.

"Mama, utoe tu huo mstari," Giza alimwambia. "Ni dakika moja."

"Mstari hauna kosa. Kosa ni la masikio ya Katibu."

Basi wakashuka chini, wakampiga picha mlinzi wa mlangoni akikaza kamba za buti zake. Katibu akaipokea picha, akaifunga kazi, akaweka alama ya kijani. Meneja akafurahi kuiona kijani, na kuanzia hapo mambo yakaenda mrama.

Bi Nafasi aliandika Barazani kwamba Giza alipoona programu imekubali mara ya kwanza, alipigwa butwaa. Ting: Kuchunguza tukio la kupigwa kwa Giza. Mtuhumiwa: Butwaa. Anwani ya mtuhumiwa: itafutwe. Mtu wa tawi jingine alilalamika kwamba wote wamekalia kuti kavu. Ting: Kukagua viti vyote, makuti yaondolewe. Giza alimsifia Bi Nafasi kwa programu yake, naye akajibu, "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa." Katibu hakuelewa kama ni katazo au ombi, akaamua ni ombi, na Jumatano saa nane mchana watu wa ofisi nzima waliacha kazi kumtazama Giza, chupa mkononi kichwa chini, akimpaka Bi Nafasi mafuta kwenye kiwiko kwa kitako cha chupa, huku Meneja akipiga picha na kusema, "Sogeeni kwenye mwanga."

"Polepole, baba," Bi Nafasi alisema. "Chupa ya baridi hii."

Mpaka mwisho wa wiki ya pili watu walikuwa wameogopa. Waliongea kama wasoma taarifa. "Naomba kalamu iliyo umbali wa hatua mbili kutoka kwangu," mmoja alisema. "Nimeiona. Ninaileta," mwingine akajibu. Kwenye kikao cha asubuhi, kile cha kusimama wima ili kiishe haraka, kila mtu alisema "ndiyo" au "hapana" na kukaa. Barazani pakawa kimya. Bi Nafasi na Giza, waliokuwa hawajapitisha siku bila kugombana, walitazamana kwa huzuni juu ya meza, kila mmoja na neno lake kooni.

Siku mbili Katibu hakupata kitu. Siku ya tatu akaandika mwenyewe: Kazi namba mia mbili na kumi na moja: Kuzungumza. Wahusika: wote. Ushahidi: mazungumzo.

Walikaa wakisubiriana. Mama Mabano, kwa kuwa ndiye mkubwa, akaona ni juu yake kuanza. Alitafuta jambo salama. Akaamua kuzungumzia vitendea kazi, maana hakuna mtu aliyewahi kupata matatizo kwa kulalamikia kompyuta yake.

"Hii kompyuta mpya mliyonipa," alianza taratibu, akipima kila neno, "ina skrini nzuri. Kibodi yake ni laini. Lakini jana niliipa programu ya zamani iisome, ikanitolea makosa elfu moja na mia nne, kutwa nzima. Jamani, nimekiona cha mtema kuni."

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Ting. Kazi namba mia mbili na kumi na mbili: Kurejesha kitu cha mtema kuni. Mhusika: Mama Mabano, ambaye amekiri kukiona. Ushahidi: saini ya mwenyewe. Mwisho: Alhamisi, saa sita mchana.

Jioni alimweleza mumewe. Fundi saa alikuwa ameshika gurudumu dogo kwa kibanio, akalitua kwanza.

"Unacho?" aliuliza.

"Sina kitu cha mtu mimi."

"Lakini ulisema umekiona."

"Ni msemo tu, baba watoto! Ulimi tu."

"Mm." Alilichukua tena gurudumu. "Kuna kiwanda cha mkate nyuma ya stendi, wanaokea kwa kuni. Niliwatengenezea saa ya ukutani. Wana mtema kuni pale. Mtu safi, ila ana kesi na kila mtu."

Kesho yake Mama Mabano aliomba ruhusa ya kutoka, akaenda. Nyuma ya kiwanda palikuwa na ua wenye magogo upande mmoja na kuni zilizopasuliwa upande wa pili, na katikati mwanaume wa rika lake, miwani yake imefungwa kwa kamba kuzunguka kichwa, akigombana na mtu aliyekwisha kuondoka.

"Habari za kazi, kaka."

"Kazi ipo, ndugu hakuna. Karibu dada."

Alimweleza yote, bila kuruka hata Katibu wala buti za mlinzi. Alitarajia acheke au amfukuze. Mtema kuni alichomeka shoka kwenye kigogo, akamsogelea.

"Umekiona wapi?"

"Nini, kaka?"

"Hicho changu."

"Kwenye kompyuta."

"Nilijua tu!" alisema, na akageukia mlango wa kiwanda kana kwamba kuna mtu mle aliyepaswa kusikia. "Nilisema kimo humo! Miezi sita natafuta kabari yangu ya chuma, nikaambiwa nimeitupa mwenyewe. Siku hizi kila kitu kinaingizwa kwenye kompyuta."

"Kaka yangu, si kabari. Mimi naomba saini yako tu, hapa chini."

Aliisoma karatasi taratibu, kidole chini ya kila neno. "Hapa pameandikwa nimekipokea kitu changu. Sijakipokea."

"Ni karatasi tu ya ofisini."

"Dada, mimi siweki saini kupokea kitu nisichokipokea. Waokaji walinifanyia hivyo na jozi ya glavu." Alirudi kwenye gogo lake, akafikiri, akageuka tena. "Nitakuja mwenyewe nikione. Kikiwa changu, nasaini. Kisipokuwa changu, kila mtu na lake."

Alhamisi saa nne alifika ofisini akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na shoka begani, kwa sababu, alivyomweleza mlinzi, kiwandani si mahali pa kuacha kitu. Mlinzi aliandika kwenye daftari la wageni: "Mtema kuni. Amekuja kuona chake." Mama Mabano alimpa kiti, akaifungua kompyuta, akamwonyesha yale makosa elfu moja na mia nne, mistari myekundu kutoka juu hadi chini, na chini yake mingine.

Mtema kuni aliyasoma yote. Hakuna mtu aliyewahi kuyasoma yote, hata mwenye nayo. Ilimchukua saa nzima na robo, na chumba kizima kilifanya kazi kwa kunyata. Alipofika mwisho alivua miwani, akaipangusa kwa kona ya shati.

"Hiki si changu," alisema.

Mama Mabano aliitazama saa ya ukutani: saa sita ilikuwa karibu.

"Changu nakijua. Mgongo, viganja, jua la saa saba, na waokaji wanaodai kuni kavu wakati wa mvua. Lakini hiki ulichokiona wewe, dada, ni kibaya kuliko changu chote. Pole sana. Pole." Alivuta karatasi, akakata maneno "nimekipokea" na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: NIMEONA. SI CHANGU. AENDELEE NACHO. Akatia saini.

Katibu aliisoma karatasi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha kijani.

Mama Mabano alishangaa kuona machozi yanamlenga. Miaka ishirini alikuwa akifanya kazi hii, na huyu ndiye mtu wa kwanza kumpa pole.

Mgeni angeondoka hapo, na mambo yangeishia hapo, kama asingelisikia tok tok tok tok.

"Huyu mama mbona anagonga mara nne?" aliuliza.

"Muulize!" Giza aliruka kutoka kwenye pembe yake. "Muulize, mimi miaka sita namuuliza!"

Walimweleza ugomvi wao, wakisahau kipaza sauti, wakisahau kila kitu. Mtema kuni alisikiliza kama jaji. Halafu akasema hata kwao yapo: yeye hupanga kuni ganda likiwa juu, ili mvua iteleze, mwenzake wa zamu ya pili hupanga ganda chini, eti kuni ipumue. Hawajasalimiana tangu mwaka juzi.

"Ganda juu, bila shaka," Bi Nafasi alisema.

"Bila shaka nini?" Giza alisema. "Kuni lazima ipumue!"

"Wewe na nani mlitema kuni lini?"

Mtema kuni akalitoa shoka lake waone mpini. Aliuchonga mwenyewe, mipini ya dukani, alisema, ni ya watu wanaopiga picha na shoka. Giza akaleta kibodi yake, ambayo vitufe vyake alivibadilisha kimoja kimoja, na mtema kuni akaibonyeza kwa heshima, akasema ina uzito mzuri. Bi Nafasi aliuliza kuhusu kunoa: kila siku kidogo, au mara moja kwa wiki kwa nguvu? Wakagawanyika tena, safari hii Mama Mabano na Meneja wakiwa upande mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Saa ya chakula ikapita. Ikafika saa tisa, sauti zimepanda, wauza magodoro chini wanagonga dari, na hakuna aliyesikia ting hata moja kati ya ting mia moja na themanini zilizolia mchana ule.

Kwa vile Katibu alishapokea saini ya mtema kuni, alimhesabu kuwa mfanyakazi. Kuchonga mipini sita. Kugeuza maganda ya kuni, juu. Kugeuza maganda ya kuni, chini. Kunoa. Kutonoa. Na mtema kuni, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwandikia kazi kwa heshima hivyo, alizifanya zote wiki ile kwa wakati wake, akaleta picha, kila moja ina shoka lake pembeni. Zile za kugeuza maganda alizifunga zote mbili kwa siku moja, asubuhi yeye, alasiri mwenzake, na inasemekana walisalimiana.

Chati ya Meneja ikawa kijani kibichi kama bustani. Katika wiki tatu, chumba cha watu watatu kilikuwa kimefunga kazi mia nne na sita, kikiyaacha mbali matawi yote. Programu halisi, ile waliyoajiriwa kuiandika, haikuwa imeongezwa hata herufi moja, lakini Katibu hakuwa na safu ya kuonyesha hilo.

Jumanne ya wiki iliyofuata akaja Mkurugenzi mwenyewe kuwapongeza. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuzindulia majengo. Meneja alimvizia kwenye ngazi, akamnong'oneza, "Mheshimiwa, mle ndani tunaomba useme kidogo, tena moja kwa moja." Mkurugenzi hakuwa amesema kidogo tangu azaliwe.

"Nimeziona takwimu!" alinguruma, kiganja mezani, nusu hatua kutoka kwenye kipaza sauti. "Kwa kasi hii, mwaka huu tutawavua nguo washindani wetu wote!"

Ting.

Hakuna aliyetaka kusoma. Mwishowe Bi Nafasi akasoma kwa sauti ndogo. "Kazi namba mia sita na kumi na tisa. Kuwavua nguo washindani wote. Mhusika: Mkurugenzi. Ushahidi: picha, kabla na baada. Mwisho: Ijumaa, saa kumi jioni."

Mkurugenzi alicheka vizuri kabisa. "Haya, ifuteni."

"Haifutiki, mheshimiwa."

Alicheka tena, kidogo. Kisha simu yake ikaita. Katibu, kwa kuwa alikuwa anajifunza, alikuwa ameshawaandikia washindani kuwaomba watoe saa inayowafaa. Mmoja alikuwa anauliza kama ni mzaha. Wa pili aliandika kwamba Alhamisi asubuhi ana nafasi, lakini angependa kujua kama aje na nguo za kubadilisha.

Mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha Giza, gizani. "Basi akabidhiwe mtu mwingine," alisema, sauti imemshuka kabisa. Na Katibu akatii. Mhusika mpya: Mama Mabano, mzoefu wa kazi za nje.

Wote walimgeukia. Alijiona akigonga mlango wa ofisi ya mshindani, karatasi mkononi, akieleza. Tena angeenda! Hilo ndilo lililomtisha: alijijua, angeenda, angepanga foleni, angerudi na saini. Alivua miwani ya kutafutia, akavaa ya kusomea, akaifungua programu ya kazi, akashuka hadi mstari wa elfu tatu mia tatu na kumi na nane. Ulikuwa pale pale, mfupi, umenyooka, mabano yake yote yamefungwa.

"Ni mstari mzuri, Mama," Giza alisema taratibu.

"Nyamaza, mwanangu, nisije nikabadili mawazo."

Akaufuta. Lakini kwa sheria ya kampuni badiliko lazima likubaliwe na wawili, na Bi Nafasi alipolifungua ili alikubali, mkono wake ukaganda.

"Mstari unaofuata umesogezwa kwa kitufe kimoja," alisema.

"Bi Nafasi," Meneja alisema. "Tafadhali. Watu watavuliwa nguo."

"Mimi siweki jina langu hapo."

Mama Mabano aliurudia mstari ule, akagonga nafasi mara nne, tok tok tok tok, chumba kizima kikisikiliza. Bi Nafasi akakubali. Giza aliuma mdomo wa chini, akafumba jicho moja, akakubali pia.

Kitufe cha kufuta kikafunguka, kwao na katika matawi yote. Mkurugenzi aliifuta kazi yake, akapumua. Meneja alifuta Kutomzima Katibu, kisha akamzima Katibu. Giza akafuta ya Butwaa. Halafu watu, wakishafungua bomba, hawalifungi. Matawini walifuta za buti, za viti, za mafuta, na mikono ikiwa imeshika kasi wakafuta za wiki iliyopita, za mwaka jana, zilizowashinda, zilizowachosha, na zile ambazo hawakuzikumbuka ni za nini. Kufikia saa tisa alasiri, kampuni nzima haikuwa na kazi hata moja.

Mkurugenzi, ambaye bado alikuwa amekaa kwa Giza, aliinua kichwa.

"Hebu nikumbusheni," alisema. "Kwani sisi huwa tunatengeneza nini hasa?"

Kila mmoja alijua kipande. Bi Nafasi alijua ule ukurasa wa kuingilia, Giza alijua ile sehemu ya nyuma isiyoonekana, Meneja alijua rangi zake. Hakuna aliyejua nani aliomba nini. Ndipo Mama Mabano akasema neno ambalo halikuwa limetamkwa katika chumba kile kwa miaka mingi: "Tuwapigie wateja simu, tuwaulize."

Waligawana namba. Yake ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mwenye duka la miwani.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka kampuni inayokutengenezea programu ya duka. Samahani, uliwahi kutuomba kitu?"

"Marahaba, mwanangu. Niliomba herufi ziwe kubwa. Mwaka wa nne huu. Wanaokuja kwangu hawaoni, ndiyo maana wanakuja kwangu. Na mimi mwenyewe sioni."

Mama Mabano aliifungua programu, akatafuta ukubwa wa herufi, akabadili tarakimu moja. Hazikupita dakika kumi. Akamwomba aifungue tena.

Upande wa pili kulisikika kiti kikiburutwa. "Ee!" mama wa miwani alisema. "Ee, jamani! Kumbe hapa pameandikwa Karibu!"

Jioni fundi saa alikuwa na saa tatu wazi mezani. Mkewe aliketi mbele yake bila kuvua viatu, akamsimulia yote, kuanzia sauti ya Mkurugenzi hadi kile kiti kilichoburutwa. Aliposema ameufuta mstari, mumewe aliacha kazi. Alitoa lenzi jichoni, akamtazama kwa macho yote mawili.

"Ule wa wakubwa watatu?"

"Ule ule."

"Unaumia?"

Alifikiri. "Kidogo. Hapa," akagusa mahali fulani juu ya tumbo. "Kesho nina wateja kumi na tisa wa kuwapigia."

"Basi kalale mapema," mumewe alisema, na akaanza kuzifunika saa zake kwa kitambaa, moja moja.